Maswali ya wasomaji: vipele vya kidevu, wembe wa bei nafuu na kikombe cha maji baridi

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu wanaonyoa wenyewe nyumbani. Zile zilizouliza jambo moja tumezijibu kwa pamoja.

Shikamooni. Nina miaka 22. Kila nikinyoa, baada ya siku mbili shingo na chini ya kidevu vinajaa vipele, vingine vina usaha. Nikaambiwa ninunue kiwembe kizuri cha nyembe tano. Nimejibana nikakinunua, na vipele ndiyo vimezidi. Nifanye nini, na mfuko wangu si mzito? (Tabata, Dar es Salaam)

Marahaba. Hizo ni ndevu zako mwenyewe zinazorudi ndani ya ngozi. Udevu wa kipilipili hutoka kwenye tundu lake ukiwa tayari umepinda. Wembe huuachia ncha kali ya mshazari, na ukikua milimita moja au mbili unajikunja na kuchoma ngozi pembeni ya pale ulipotokea. Mwili unauchukulia kama mwiba: unavimba, unatunga usaha, kisha unaacha doa jeusi. Njia nyingine ni mbaya zaidi. Udevu hukatwa chini ya usawa wa ngozi, na unapoanza kukua hutoboa ukuta wa tundu lake kabla haujaona nje.

Na hiyo njia ya pili ndiyo kazi ya kiwembe chako cha bei mbaya. Nyembe zake zimepangwa ili wa mbele uuvute udevu juu, wa nyuma uukate ukiwa umevutwa, na kisiki kikiachiwa kizame chini. Mwenye ndevu zilizonyooka atafurahia ulaini huo siku nzima. Wewe utaulipia keshokutwa. Kwa hiyo hukukosea kuona kwamba vimezidi.

Acha kwanza kunyoa kwa wiki tatu au nne. Siku za mwanzo vipele vinaweza kuongezeka, usitishike; ndevu zikirefuka, nyingi zilizonasa hufyatuka zenyewe. Ukiona udevu umejikunja kama pete juu ya ngozi, weka kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu dakika tano, kisha uinue kwa kibanio kisafi. Uinue tu, usiung'oe, maana utakaoota badala yake utaanzia chini zaidi. Pini na kucha ziache kabisa.

Ukirudi kunyoa una njia mbili. Ya kwanza, na ndiyo tunayoipendekeza kwa mwenye shingo kama yako, ni mashine ya umeme yenye kitana kinachobakiza kama milimita 1. Hutakuwa mlaini, lakini utakuwa nadhifu, na udevu usioshuka chini ya ngozi hautoboi ukuta wa tundu lake. Ya pili ni wembe mmoja, kwa utaratibu huu:

Nyoa baada ya kuoga, si kabla. Udevu mkavu ni mgumu, ila ukiloweshwa dakika mbili hadi tatu unanywa maji na kulainika, na wembe hauhitaji kukandamizwa. Paka povu, liache dakika moja. Kabla ya hapo uwe umepitisha kidole ukajua ndevu zimelalia wapi, kwa sababu shingoni mara nyingi hazielekei chini kama za shavuni. Kwa wengine zinakwenda pembeni, kwa wengine zinapanda juu. Fuata zinakolala. Usivute ngozi kwa mkono wa pili, hilo wengi wamefundishwa na ndilo linalozamisha visiki. Pita mara moja, mapito mafupi ya sentimita mbili tatu, suuza wembe kila baada ya mapito mawili. Palipobaki ukungu wa ndevu, paache. Maliza kwa maji ya baridi, jikaushe kwa kugusagusa bila kusugua.

Kuhusu pesa, piga hesabu kwa kila unaponyoa, usiangalie bei ya dukani peke yake. Tuseme kichwa kimoja cha nyembe tano ni shilingi 6,000 na kinakufaa mara nane: hiyo ni shilingi 750 kila mara. Wembe wa kawaida wenye makali pande mbili, tuseme shilingi 200, ukikunyoa mara tatu haufiki shilingi 70. Weka bei za mtaani kwako uone. Kinachohitaji fedha ni kishikio cha chuma, na hicho hununuliwa mara moja tu. Muundo wake ni uleule ambao Gillette aliupatia hataza Marekani mwaka 1904, na kikitunzwa kinakaa miaka.

Kishikio kina sehemu tatu: kofia, sahani yenye meno, na mpini. Shika wembe kwa ncha zake fupi zisizokata, ulaze juu ya kofia, weka sahani, kaza mpini. Tazama kwa mbele: makali yatokeze sawasawa pande zote mbili. Upande mmoja ukizidi, fungua upange upya, maana huo uliozidi ndio utakaokukata. Kupata pembe, gusisha kofia kwenye shavu mpini ukiwa umelala sawa na sakafu, kisha ushushe polepole hadi usikie makali yamegusa. Ni kama nyuzi 30. Usikandamize. Uzito wa chuma unatosha. Wale wanaovunja wembe vipande viwili na kunyolea kwa vidole, mnajikata na kona, si na makali.

Huku kwetu ni maji ya kisima, yana chumvi. Sabuni haitoi povu, inaacha utando mweupe, na uso unawasha. Povu la kopo ni ghali. (Kigamboni)

Maji hayo yana madini yanayoshikana na sabuni na kuigeuza kuwa huo utando. Ukiongeza sabuni unaongeza utando. Lakini kwa kunyoa huhitaji ndoo: kikombe kimoja cha maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ya mvua au ya kununua, kinatosha kutengeneza povu na kuoshea uso mwishoni. Wembe wenyewe usuuze kwa maji ya chumvi hayohayo.

Kisha kuna njia ambayo wengi hawaifikirii: kondishena ya nywele, hata ile ya bei ya chini kabisa. Si sabuni, kwa hiyo haigandi kwenye maji yenye madini kama hayo, inateleza, na haikaushi ngozi. Kiasi cha kijiko cha chai kinatosha uso mzima. Haitoi povu, usilitafute. Wembe hauhitaji povu, unahitaji utelezi. Kama unapenda kipande cha sabuni, chagua ya kuogea yenye glisarini kuliko ya kufulia. Sabuni ya kufulia inaondoa mafuta yote ya ngozi, na kuwasha kwako huenda nusu yake ni hiyo.

Mafuta ya nazi chini ya povu ni mazuri ukitumia wembe mmoja. Kwenye kiwembe cha nyembe nyingi yanaziba katikati na kuganda na ndevu, utakitupa kabla ya wakati.

Hamjambo. Mimi ni mlinzi, kampuni inataka tunyoe kila siku. Nilikuwa na vipele, nikauziwa krimu ya tyubu, ikavimaliza kwa siku tatu. Sasa ni miezi mingi naipaka. Nikiacha vinarudi vikali, na uso umekuwa mwekundu na wa kumetameta. (Nakuru)

Hatujambo, ila hiyo krimu inakudanganya. Soma boksi: ukiona betamethasone au clobetasol, hiyo ni steroidi kali. Inazima uvimbe kwa haraka kweli, na ndiyo maana inauzika. Lakini usoni, ikipakwa wiki baada ya wiki, inakonda ngozi, mishipa inaonekana, na chunusi zake yenyewe zinaota juu ya vipele vya zamani. Huko kurudi kwa ukali ukiacha ni sehemu ya madhara yake, si dalili kwamba unaihitaji. Kwa kuwa umeitumia muda mrefu, usipambane nayo peke yako. Nenda kliniki ya ngozi upangiwe namna ya kuiacha. (Kwa wasomaji wa kaskazini mwa Tanzania, pale hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo cha kanda cha magonjwa ya ngozi.)

Vitu vya kuuliza famasi kwa vipele vyenyewe ni viwili. Benzoil peroksidi ya asilimia 2.5 au 5, nyembamba, usiku, kuanzia siku moja ndiyo moja siyo; inafifisha rangi ya taulo na kola, kwa hiyo vaa fulana nyeupe. Au losheni yenye asidi ya salisiliki asilimia 2, inayomenya ngozi iliyokufa juu ya tundu ili udevu upate njia. Usianze zote kwa pamoja, na usizipake wakati ngozi bado inaungua na ile krimu.

Kuhusu kampuni: omba barua ya daktari, ipeleke kwa msimamizi. Milimita 1 ya mashine kila siku mbili ni unadhifu unaotosha kwa sare. Bosi anayeona shingo yenye usaha juu ya kola ya bluu ataelewa haraka kuliko unavyodhani.

Vipele vigumu vya kisogoni, ambavyo wasomaji watatu wameviuliza, ni ndugu wa hivi lakini wana tabia yao: vikiachwa vinaungana na kuwa makovu makubwa yasiyoota nywele. Kataa kunyolewa hadi ngozini kisogoni, bakiza angalau milimita 3, punguza kola ngumu na kofia inayosugua, na nenda hospitali vikiwa bado vidogo.

Poda ya kunyolea inafaa? Rafiki yangu ilimuunguza midomo. (Mombasa)

Inafaa sana kwa wenye vipele, na inaunguza sana wasiosoma boksi. Poda hizi, za bariamu salfaidi au kalisi thioglaikoleti, huvunja protini ya udevu badala ya kuukata. Ncha inabaki butu na laini, haina nguvu ya kutoboa ngozi. Tatizo ni kwamba ngozi nayo imejengwa kwa protini ya jamii ileile. Poda haitofautishi, ni saa tu inayotofautisha.

Siku mbili kabla, jaribu kiasi kidogo mkononi kwa ndani. Siku yenyewe, changanya na maji ya baridi hadi uzito wa mtindi, tandaza ifunike ndevu bila kusugua, weka saa. Mbali na midomo, pua na macho. Usipake penye kidonda wala juu ya ngozi uliyoinyoa jana. Baada ya dakika tatu kwangua sehemu ndogo kwa kijiti cha mbao au plastiki. Ndevu zikitoka, toa yote. Zisipotoka, subiri, ila usivuke muda wa juu ulioandikwa kwenye boksi hata kama zimebaki. Ikianza kuchoma, ondoa mara moja bila kujali saa. Suuza kwa maji mengi ya baridi. Usimalizie kwa wembe "kuweka sawa", usipake spiriti wala afta sheivu. Pumzika siku kadhaa kabla ya kurudia. Harufu ya yai viza ni salfa, haimaanishi imeharibika.

Mimi ni kinyozi. Wateja wanauliza kama mashine zangu ni salama. Ninapuliza spiriti, na nina kile kisanduku chenye taa ya zambarau. Inatosha? (Mwanza)

Haitoshi, na ni vizuri umeuliza. Virusi vya homa ya ini aina ya B hukaa hai nje ya mwili hata siku saba, katika damu iliyokauka isiyoonekana kwa macho. Taa ya zambarau inaua kile tu inachokimulika. Chini ya meno ya mashine, nyuma ya nywele na ndani ya kivuli haifiki. Kisanduku ni mahali pazuri pa kuhifadhia kifaa ambacho kimeshasafishwa. Kukitumia badala ya kusafisha ni mapambo ya saluni.

Wembe: mmoja, mteja mmoja, na karatasi ifunguliwe mbele yake. Baada ya hapo kwenye dumu gumu la plastiki lenye mfuniko, si kwenye pipa la taka.

Mashine: izime, chomoa kichwa chake cha meno, piga brashi nywele zote zitoke, kwa sababu dawa haipenyi uchafu. Kichwa kiloweke kwenye spiriti ya asilimia 70 dakika kumi. Kama dukani umepata ya asilimia 95, changanya robo tatu spiriti na robo moja maji. Ile kali zaidi hukauka kabla haijafanya kazi. Kupuliza na kufuta palepale hakuui kitu cha maana. Futa, tia tone la mafuta ya cherehani, funga. Ukiwa na vichwa viwili mteja hasubiri.

Vitana, vibanio na makasi vinaweza kuloweshwa kwenye klorini: dawa ya kung'arisha nguo nyeupe ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa maji vipimo sita, dakika kumi, kisha suuza. Tengeneza mpya kila asubuhi. Usiache chuma humo usiku kucha, utakikuta kimeota kutu, na usichanganye na sabuni nyingine ya choo.

Spiriti juu ya shingo iliyonyolewa hivi punde haitibu vipele, inachoma tu. Na mteja akilalamika kila mara kuwa mashine inamkwangua, angalia meno ya juu. Yakiwa yamevuka ya chini, hata kwa unywele mmoja, yanakata ngozi. Legeza skrubu, uyarudishe nyuma kidogo. Mapunye nayo huenezwa pia na brashi na kitambaa cha shingoni, si mashine peke yake, kwa hiyo weka karatasi laini shingoni kabla ya kitambaa.

Mjukuu wangu anatimiza siku arobaini, tunataka kumnyoa. Mama yake anaogopa utosi. (Tanga)

Shikamoo bibi. Mama ana haki ya kuogopa, lakini kazi inafanyika. Kiafya mtoto hahitaji kunyolewa, na nywele zake hazitaota nene zaidi kwa kunyolewa. Kama ni mila au akika, ifanyike kwa usalama.

Mnyonyesheni kwanza, atulie au asinzie. Mama ampakate, mtu wa pili ashike kichwa kwa kiganja, wa tatu ndiye anyoe. Tumieni wembe mpya ndani ya kishikio, kamwe si wembe mtupu, wala ule alionyolewa mtoto mwingine wa ukoo. Loweka kichwa kwa maji ya uvuguvugu, paka mafuta ya nazi. Pita kuanzia utosini kuelekea pembeni, wembe karibu umelala, bila kukandamiza. Pale panapodunda mkono uwe mwepesi zaidi. Mkato mdogo unabanwa kwa pamba safi dakika chache. Msipake majivu, utando wa buibui wala kahawa. Mkitaka kuondoa hofu yote, mashine ndogo ya umeme iliyosafishwa inabakiza nusu milimita tu. Kama mnazipima nywele kwa fedha ya sadaka, nyoleeni juu ya karatasi ili zisipotee.

Makwapa yangu yamekuwa meusi kwa kunyoa kila siku ya pili. Halawa (sukari iliyopikwa ya kunyonyolea nywele) ni bora? Naipikaje? (Unguja)

Kwa kwapa, ndiyo, kwani unywele unatoka na mzizi na unapata wiki tatu au zaidi. Sukari kikombe kimoja, maji ya limau vijiko viwili vya chakula, maji vijiko viwili. Moto mdogo, usikoroge sana. Ikichemka na kugeuka rangi ya asali iliyoiva, dondosha tone kwenye maji ya baridi: likifanya kidonge laini unachoweza kukibonyeza, epua. Likivunjika imepita, ongeza kijiko cha maji urudishe motoni. Likiyeyuka bado. Iache ipoe kabisa hadi uweze kuikanda kwa vidole. Majeraha mengi ya halawa ni ya kuungua, si ya kunyonyoa.

Nywele ziwe na urefu wa nusu sentimita hivi. Kausha kwapa, paka poda kidogo. Kwapani nywele hazielekei upande mmoja, kwa hiyo fanya vipande vidogo: bandika kinyume na zinakolala, vuta kwa kasi kuelekea zinakolala, mkono sambamba na ngozi. Siku hiyo usipake diodoranti wala manukato. Ukibaki na wembe, si lazima iwe kila siku ya pili. Ukomo unaotajwa katika sunna ni siku arobaini, na kati ya hapo punguza kadiri ngozi inavyokuambia.

Weusi wa msuguano hufifia wenyewe kwa miezi, ukiacha kuikwaruza ngozi. Limau na magadi havisaidii, vinaunguza. Krimu za kung'arisha zenye zebaki au haidrokwinoni usiziguse. Lakini kama weusi ni mnene, una mikunjo, na uko pia shingoni, pima sukari ya damu.

Shabu baada ya kunyoa? Na wembe mmoja utumike mara ngapi? (wasomaji kadhaa)

Shabu ni nzuri na rahisi. Lowesha kipande, kipitishe juu ya ngozi yenye maji, ngoja nusu dakika, suuza. Inakaza ngozi na kusimamisha damu ya mikwaruzo. Kipande ni cha mtu mmoja, kwa sababu kinagusa damu, na ni cha usoni. Wanaoiingiza sehemu za siri wanajiumiza. Baada yake paka glisarini iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa tatu.

Wembe: mara mbili hadi tatu. Ukianza kuvuta badala ya kukata, utupe, hata kama ni mara ya kwanza. Usiufute kwa kitambaa, unaharibu makali; ukung'ute, ukaushie nje ya bafu. Pwani hewa ina chumvi, na wembe ulioachwa umelowa huanza kutu pembezoni kabla haujaonekana kutu katikati.

Mimi ni mwanamke, nina ndevu chache kidevuni. Nikizinyoa zitazidi? (Bukoba)

Hazitazidi. Wembe hauufikii mzizi. Kisiki kifupi ndicho kinachohisiwa kigumu. Nyoa kwa utaratibu uleule, zinakolala. Ila kama zimeanza kuongezeka kwa kasi, na hedhi imevurugika au sauti inabadilika, daktari wa wanawake apime homoni kabla hujanunua wembe mwingine.